BRNO ya marehemu baba mdogo, au bunduki mpya ya bei nafuu?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina miaka 38, ni msimamizi kwenye shamba la mkonge huku Kigombe. Nimeanza kufuatilia leseni ya silaha ili niwinde kihalali kama mkazi: swala, pongo, ngiri, na siku moja Mungu akijaalia, nyati. Nataka bunduki ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, isiyonimaliza kifedha. Muuzaji anasema anaweza kuniagizia Ruger American, Savage Axis au Mossberg Patriot, na ananisukuma nichukue kaliba (kipimo cha risasi) ya 6.5 Creedmoor kwa kuwa ndiyo ya kisasa. Wakati huohuo baba mdogo alifariki mwaka jana akaacha bunduki ya BRNO ya kaliba .30-06, na familia imesema niichukue mimi. Nishike ipi? Na darubini nitenge kiasi gani?"

Marahaba, na pole sana kwa msiba.

Nianze na jibu lenyewe. Kama mtutu wa BRNO hiyo bado mzima ndani, iombee leseni hiyohiyo, na fedha uliyotenga kwa bunduki mpya uitumie kwa darubini nzuri na risasi za kujifunzia. Kama mtutu umeliwa na kutu, chukua Ruger American ya chuma kisichoshika kutu, kaliba .308 au .30-06. Axis iwe ya pili. Patriot nitaifikia. Creedmoor iache kwa muuzaji.

Kabla ya chuma, karatasi. Silaha si minazi, kwamba wanafamilia mtakaa kwenye mkeka mmoja mgawane. Leseni ilikuwa ya marehemu na imeishia kwake. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukaa na bunduki ambayo leseni yake haina jina lako ni kosa, hata ingekuwa ya baba yako mzazi. Kama bado iko juu ya dari au nyuma ya kabati, mtu mzima wa familia aende polisi akatoe taarifa, aambiwe namna ya kuifikisha, na ikipokelewa mpewe maandishi. Risasi zilizobaki ziende pamoja nayo. Ukitaka iwe yako, unaomba leseni kwa jina lako ukiitaja bunduki hiyo. Na leseni ya kumiliki silaha haikupi ruhusa ya kuwinda. Hiyo inatolewa na watu wa wanyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Nimeona watu wema wakiingia matatani kwa kudhani karatasi moja inatosha.

Sasa tuje kwenye bunduki. Wanunuzi wengi huniletea picha za karatasi za shabaha. Huyu anasema yake inaweka matundu matatu ndani ya sentimita tatu kwa mita 100, yule anasema nne. Ni kweli, bunduki za bei nafuu za siku hizi zinalenga vizuri kuliko bunduki nyingi za gharama za zama za baba zetu. Mashine za kutengeneza mitutu zimeboreka, basi. Ruger American, Axis, Patriot, zote tatu zitakupa sentimita tatu hadi tano ukizilisha risasi zinazozipenda. Na eneo la moyo na mapafu la pongo ni kama sentimita 15 kwa upana. Kwa hiyo tofauti ya sentimita moja kwenye karatasi haitakupa nyama wala kukunyima.

Kinachoamua kwenye pwani yetu ni vitu viwili ambavyo karatasi ya shabaha haivionyeshi: risasi unazoweza kuzipata mwaka hadi mwaka, na chumvi.

Nianze na risasi. Bunduki utainunua mara moja, risasi utazinunua maisha yako yote, na utauziwa za kaliba iliyoandikwa kwenye leseni yako tu. .30-06 ipo duniani tangu mwaka 1906, .308 tangu 1952. Wawindaji wa nchi hii wamezitumia miaka mingi, na muuzaji anayeleta risasi za bunduki kubwa huanza na hizo pamoja na .375. Creedmoor ilizaliwa mwaka 2007. Ni kaliba nzuri, siisemi vibaya: inapiga bega polepole, na kichwa chake chembamba kinakata upepo vizuri sana mbali huko mita 400 na 500. Lakini wewe unakwenda kuwinda wapi? Vichaka vya ukanda wetu, kuanzia bonde la Umba kule Mkinga hadi Handeni na kushuka kuelekea Wami, ni vya kuona mnyama mita 60, 80, mara chache 150. Pongo hujitokeza ukingoni mwa kichaka jua likikaribia kuzama, anakutazama, na una sekunde nne. Uwezo wa mita 500 utaulipia bila kuutumia hata siku moja, na siku risasi zitakapokwisha dukani utaingoja meli.

Kati ya .308 na .30-06 sitakulazimisha. .30-06 yenye kichwa cha grein 180, yaani gramu 11.7 hivi, hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 820 kwa sekunde, na inamtosha mnyama yeyote uliyemtaja isipokuwa nyati. .308 iko nyuma kidogo tu, inasukuma bega kiungwana zaidi kidogo, na bolti yake ina safari fupi. Ila zisichanganywe ndani ya nyumba moja. Ganda la .308 lina milimita 51, la .30-06 milimita 63, na vichwa vyake vina unene uleule. Risasi fupi ikiingia kwenye chemba ndefu (chemba ni pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) na ikafyatuka, ganda hupasuka karibu na uso wako. Ukichagua moja, usilete ya pili.

Kuhusu nyati, hapa Tanzania hesabu inaanzia .375. Wala usiseme utaanza na .30-06 halafu utaona. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja, huzunguka akakungoja kwenye njia uliyopita. Siku ukifika huko tutazungumza bunduki nyingine na leseni nyingine. Nalitaja hili mapema kwa sababu Patriot hutengenezwa pia kwa .375 Ruger, na muuzaji anaweza kukushawishi ununue hiyo moja ifanye kazi zote. .375 Ruger na .375 H&H si risasi moja. Iliyozoeleka Afrika tangu mwaka 1912 ni H&H. Ukinunua ile nyingine utarudi palepale pa Creedmoor, kungoja meli.

Sasa chumvi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa bunduki nyingi zinazoletwa kwangu hazikuharibiwa kwa kupigwa, zimeharibiwa kwa kuwekwa. Wewe unakaa Kigombe, bahari unaisikia usiku. Chumvi ya mezani kwako hulowa kwenye kikopo wakati wa masika, sivyo? Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Chumvi hiyohiyo, kwa chembe usizoziona, inatua juu ya mtutu wako kila upepo unapovuma kutoka baharini, kusi au kaskazi, kisha inavuta maji na kuyaweka juu ya chuma. Rangi nyeusi ya bunduki ya kawaida ni kutu laini iliyodhibitiwa kiwandani. Inapendeza, hupunguza mng'ao, lakini haizuii chumvi.

Na kutu haianzi unapopatazama. Inaanza chini ya mtutu, pale unapolala ndani ya kitako (sehemu ya mti au plastiki inayobeba chuma), na chini ya pete za darubini. Mteja wangu mmoja wa upande wa Pangani aliiweka bunduki yake kwenye mfuko wa turubai wenye manyoya ndani, akaifungia kabatini baada ya msimu. Alikuwa ameipangusa vizuri kwa nje. Ule mfuko ulinyonya unyevu kama sponji. Tulipoifungua baada ya miezi minne, juu ilikuwa safi kabisa, na chini ya kitako palikuwa na vishimo vya kuingia ncha ya sindano. Tangu siku ile kila ninayemuuzia ushauri namwambia: mfuko ni wa safari. Nyumbani bunduki ikae wazi ndani ya kabati lake la chuma lenye kufuli, ipakwe mafuta membamba, na kila baada ya wiki mbili ipanguswe. Mafuta ya nazi usiyaguse. Wazee walikuwa wanapaka kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo, lakini yanachacha, na hewa ikipoa yanaganda, bolti inakuwa nzito na pini ya kugonga inakosa nguvu. Ukikosa mafuta ya bunduki, ya cherehani yatakusitiri kwa muda.

Ukiwa na hayo kichwani, zitazame upya zile tatu.

Ruger American ilitoka mwishoni mwa mwaka 2011, na kule Marekani ilianza kuuzwa chini ya dola 500. Kitako chake ni cha plastiki, hakivimbi masika wala kusinyaa kiangazi, na kwetu hilo ni jambo kubwa. Ndani ya kitako kuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V ambavyo mwili wa bunduki hukalia, kwa hiyo ukiufungua, ukaupangusa na kuurudisha, shabaha haihami sana. Huo ndio uzuri ninaoupenda kuliko yote, maana bunduki ya pwani lazima ifunguliwe mara kwa mara, na isiyopenda kufunguliwa itaozea ndani. Bolti yake ina meno matatu ya kufungia, unaiinua nyuzi 70 badala ya 90, hivyo kidole hakigongi darubini ukiwa na haraka. Triga unaweza kuirekebisha mwenyewe. Ubaya wake ni magazini ya plastiki ya kuchomoa. Inafanya kazi, lakini ukiidondosha porini umebaki na bunduki ya risasi moja moja. Agiza ya pili siku hiyohiyo. Na ni nyepesi, kilo 2.8 hivi bila darubini, kwa hiyo ya .30-06 itakukumbusha bega lako. Hapo .308 inapata alama.

Savage Axis ilianza mwaka 2010 ikiitwa Edge. Mtutu wake hauna deni, unalenga vizuri pengine kuliko wote. Kinachoniudhi ni kitako: sehemu ya mbele ni laini, ukiiegemeza kwenye mti au ukivuta mkanda inapinda mpaka inagusa mtutu, na risasi inakwenda kando. Ukiichukua, chukua Axis II, ambayo triga yake ni bora zaidi, na ujifunze kuegemeza karibu na magazini, si mbele kwenye ncha. Kwa mtu mwenye fedha kidogo kabisa ni bunduki ya haki.

Mossberg Patriot ya mwaka 2015 ndiyo nzuri kwa macho, hasa ya kitako cha mti wa jozi. Ningekuwa naishi Iringa ningeifikiria. Mti kwenye pwani ni kazi ya ziada: unavuta unyevu, unavimba, unausukuma mtutu upande mmoja, na bunduki uliyoisawazisha Januari inapiga kwingine Mei. Ipo pia ya plastiki, na hiyo sina ugomvi nayo, ila sioni inachokupa ambacho Ruger haikupi.

Zote tatu zina upungufu mmoja: nyingi huja bila shabaha za chuma juu ya mtutu, yaani vile vya kulengea kwa jicho tupu. Darubini ikijaa ukungu au ikigongwa na mwamba, umebaki na fimbo.

Hapo ndipo BRNO ya marehemu inapoingia. Kwa kaliba hiyo yaelekea ni ZKK 600, iliyotengenezwa Czechoslovakia ya zamani, na mwili wake ni wa ukoo wa Mauser ya mwaka 1898. Tanga na bolti za Mauser ni watu wanaojuana. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Raskazone, askari wengi waliowangoja upande wa Wajerumani walikuwa na Mauser za mfano wa 1871 za baruti nyeusi, kila risasi ikitoa wingu la moshi, na bado walishinda. Huu mfano wa baadaye una jambo ambalo bunduki za bei nafuu za leo zimeliacha ili kupunguza gharama. Kuna kucha refu ubavuni mwa bolti. Risasi inapotoka tu kwenye magazini, kucha hilo linaikamata kwenye kitako chake na kuishika mpaka iingie chemba. Kwenye Ruger, Axis na Patriot risasi inasukumwa tu, na inashikwa mwishoni bolti inapofungwa. Tofauti utaiona siku ya pupa: ukisukuma nusu, ukarudisha bolti, ukasukuma tena, ile ya kwanza imebaki mbele na ya pili inaigonga kwa nyuma. Umekwama. Kucha la Mauser linairudisha ile ya kwanza nje. Kwa pongo hutaijali tofauti hiyo. Kwa ngiri dume aliyejeruhiwa anayekujia kwenye majani marefu, utaijali.

Magazini yake imo ndani na ina mlango chini, haidondoki. Ni nzito kuliko Ruger, na uzito huo unameza teke. Ina shabaha za chuma. Kitako ni mti, kweli, na nimesema mti ni kazi ya ziada. Fundi anaweza kupunguza mti kidogo pale unapogusa mtutu na kuziba vinyweleo kwa mafuta ya kukausha. Kazi ya siku chache.

Lakini yote hayo yanategemea mtutu. Omba ruhusa uikague pale ilipohifadhiwa, mbele ya askari, na uende na tochi nyembamba, kitambaa cheupe na noti ya elfu moja. Bolti itolewe, magazini ithibitishwe kuwa tupu. Piga mwanga kutoka nyuma utazame ndani. Mifereji inayozunguka iwe na kingo kali na zing'ae. Weusi unaotoka kwa kitambaa si tatizo. Vishimo visivyotoka, hasa sentimita chache za mwanzo mbele ya chemba, ndilo tatizo. Tazama mdomo wa mtutu: ukiwa na pengo au umelika upande mmoja kwa sababu ya miaka ya kusafishwa na fimbo kutoka mbele, shabaha imekwenda, ingawa hilo fundi wa lathe mwenye kibali anaweza kulikata upya. Kisha pitisha noti kati ya mtutu na mti kutoka mbele kurudi nyuma. Ikikwama mahali, hapo mti umevimba. Hilo linatibika, usiikatae bunduki kwa ajili yake.

Darubini tenga kama nusu ya bei ya bunduki mpya. Ya kukuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40, inakutosha maisha yote, na kichakani iache kwenye 3. Uwezo mkubwa wa kukuza utakuonyesha manyoya tu wakati unamtafuta mnyama mzima. Bora ya kampuni inayojulikana yenye gesi ndani isiyoingia ukungu kuliko kubwa ya bei ya kutupa. BRNO ina mkia wa njiwa, yaani reli ya kushikia pete za darubini, wa milimita 19 juu ya mwili wake, na pete za kawaida za madukani hazikai hapo. Agiza pete zake kwanza, ndipo ununue darubini. Isawazishe ipige sawasawa kwa mita 100. Baada ya hapo piga risasi 40 kabla hujaingia porini, nusu yake ukiwa umesimama au umepiga goti, kwa sababu benchi hutaipata Handeni.

Jambo la mwisho, na ulikumbuke hata kama utasahau mengine. Baadhi ya BRNO za zamani sefti yake, kile kifungo cha kuzuia isifyatuke, inafanya kazi kinyume na bunduki nyingine: ukiisukuma mbele imefunga, ukiivuta nyuma iko tayari kupiga. Aliyezoea bunduki nyingine ataisukuma mbele akidhani anajiandaa kufyatua, mnyama aondoke. Mbaya zaidi, ataivuta nyuma akidhani amefunga, kisha aruke mtaro na wenzake wako mbele. Kabla risasi hata moja haijakaribia, pale kituoni, na chemba tupu iliyohakikiwa na watu wawili, ijaribu mbele na nyuma, uone inafunga wapi. Kama ni ya kinyume, chora alama nyekundu kwa rangi ya kucha upande wa kufyatua, na uzoeshe kidole gumba mwezi mzima bila risasi.

Ukishaukagua mtutu, niandikie ulichokiona, hasa hizo sentimita za mwanzo mbele ya chemba.